Mgeni wa Saa Saba

Kabambare, tarehe 14 mwezi wa tano

Kwako Bwana Direkta Katembo, huko Kinshasa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni Darlène, mwanafunzi wa mwaka wa sita sekondari, mdogo wa yaya Aurélie, dada yangu mkubwa, anayekufanyia kazi hapa nyumbani kwa kompyuta. Hatujaonana, ingawa kila siku sauti yako inaingia sebuleni mwetu. Naomba uhamishe ofisi yako, kwa sababu hizi:

1. Tuna meza moja. Mtihani wa Serikali umekaribia, nami hujifunza nikitoka shule. Sasa meza ni yako. Historia naisomea chini yake, karibu na miguu ya yaya.

2. Mkutano wako unaanza saa sita ya Kinshasa, ambayo kwetu ni saa saba, sufuria ikitoka motoni. Mama hawezi kula mbele ya mgeni bila kumpakulia. Kila siku anakuwekea sahani: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na firigisi kuku akichinjwa. Miezi minne hujasema hata asante. Anauliza alikukosea nini.

3. Kelele za kinu zinakusumbua, basi sombe tunatwangia kwa jirani, Mama Nabintu. Kila mara anatuuliza: «Huyo mgeni wenu, kichwa kinamuuma tangu mwezi wa kwanza?» Kisha anachota sehemu yake.

4. Baba haachi binti yake peke yake na mwanaume. Anakaa nyuma ya yaya, amevaa koti la Pasaka, jasho linamtiririka, huku ninyi mnasoma orodha za wakulima. Shamba lake mwenyewe limeota majani.

5. Juzi wajomba walifika kwa pikipiki kutoka Lusangi. Wanauliza: mwanaume anayekuja kwa binti kila siku, ndugu zake watakuja lini? Wanasubiri jibu lako. Wanasubiri wakila.

Kwa hiyo, ama uirudishe ofisi Kinshasa, ama uje na wajomba zako, jambo liishe.

Nisalimie wote wa mkutano, pamoja na yule ambaye mtoto wake hulia kila Jumanne.

Ni mimi, mwenye heshima ila sina meza,
Darlène

P.S. Leo mtandao umekatika, hukuja. Kwa kuwa hakuna mgeni wa kumwonea haya, mama amepaza sauti tena: tangu nitoke shule nimetumwa kisimani mara mbili, nimetwanga sombe, nimetafuta mbuzi. Meza ilikuwa wazi mchana kutwa, sikuisogelea. Mbele yako hakuna aliyethubutu kunituma. Ndiyo maana Historia nimeimaliza yote. Tafadhali, Bwana Direkta, kesho rudi. Utahama mtihani ukiisha. Na sahani yako usijali: chini ya meza nilipo haiharibiki.