Kisigino cha Vadivambal

Jirani yetu Kuppusami, muuza chai, bwana wa birika tatu, husema kwamba siku wapiga filamu walipokuja kijijini kwetu, ni yeye, kwa tambara lake la kufutia meza, aliyeiokoa filamu nzima na aibu. Husema hivyo kila asubuhi, na wanywaji wake hutikisa vichwa. Basi sogeeni, enyi wachota maji na wapepeta mchele. Wenye kikohozi wakohoe sasa wamalize. Niwape habari ya vita vile kama nilivyoviona mimi, niliyesimama nyuma ya kisima tangu alfajiri bila kuulizwa na mtu.

Filamu ilikuwa ya majonzi makuu: mama mjane, mwana mmoja, na mwana huyo anarudishwa nyumbani maiti. Kwa kilio hicho walichagua baraza ya Vadivambal, mwenye vidole vya dhahabu, malkia wa vizingiti, ambaye katika vijiji saba hapakuwa na harusi iliyofungua mlango kabla yeye hajainama kumwaga unga wa mchele, nukta na duara, mbele yake. Naye alfajiri ile, kama alfajiri zote tangu avunje ungo, alinyunyiza maji ya samadi mlangoni pake, akainama, akachora. Nukta ishirini na moja! Tausi wanne! Mkono ulijiendea, akili bado imelala.

Ndipo machela ya maiti ilipotokea njiani. Na nani asiyejua kwamba nyumba yenye msiba haitiwi nakshi mlangoni?

Bwana mwongozaji, simba wa kipaza sauti, akanguruma: "Ukanda umebaki wa mara moja tu! Atakayekosea namla mbichi!" Waombolezaji mia wa kukodiwa wakafumua nywele. Mashine ya kupigia filamu ikaanza kusaga ukanda. Hakuna aliyetazama chini, ila sisi wawili.

"Mama yangu wee," Vadivambal akaninong'oneza, "nimempambia maiti kama bibi harusi!"

"Kafute, dada!"

"Mbele ya jicho la mashine?"

"Basi nchi nzima ya Watamil itatucheka."

Akajifunga kibwebwe, akalala kifudifudi, akatambaa chini ya machela kama mamba anayevuka mto wa miguu ya watu. Ewe pindo la sari, ulipigana siku ile! Tausi wa kwanza akaanguka, wa pili akafuata, wa tatu akakanyagwa na mwombolezaji, wa nne akakata roho machela ikitua. Nukta ya mwisho aliifuta kwa kiwiko, akajiviringisha nyuma ya nguzo. Mwili wote ukaliponyoka jicho la mashine, ila kisigino kimoja, chenye kikuku chake, kikachelewa kwa pumzi moja.

Machozi yalikuwa yamemziba macho mwongozaji, hakuona kitu. Lakini mashine iliposimamishwa, Kuppusami alikuwa amesimama pale na tambara bichi mkononi, alikuwa ametoka kufuta chai. Watu wakatazama udongo mweupe wa unga, wakatazama tambara, wakajijibu wenyewe kwamba ndiye aliyefuta.

Na Vadivambal je? Wakasema, "Aliyepamba mlango wa maiti, akipamba wa harusi ataleta nini?" Miezi kumi na mmoja hakuitwa harusi hata moja. Debe lake la unga likaingia wadudu.

Kisha, Ijumaa moja, hema la sinema likaja na filamu ile. Onyesho la kwanza la jioni tulikaa mchangani, kila mtu amejirundikia kichuguu amwone mwigizaji juu ya kichwa cha mwenzake, na mwenzake naye karundika. Kuppusami akapaza sauti kutoka upande wa wanaume:

"Vadivu! Leo utaliona tambara langu!"

"Nitalinusa kwanza, kaka!"

Machela ilipotokea kwenye pazia, hema likapasuka kwa kilio. Wanawake wakajifunika sari. Mzee mmoja akamwashia marehemu kafuri. Kuppusami alilia ndani ya tambara lilelile. Hata Vadivambal, aliyeapa kutopepesa jicho, alipoona kizingiti chake akajifunika uso akamlilia mtoto wa watu. Mimi nilikuwa nimeibiwa mchanga wangu, nimekaa chini kabisa, nikitazama katikati ya mabega mawili, na nilichopewa ni pembe ya chini ya pazia tu. Hapo ndipo nilipokiona.

"Kisigino!"

"Nyamaza, mwana mkosa adabu," bibi mmoja akanikemea, "mtu amekufa!"

"Kisigino cha dada Vadivu! Kina ufa, na kikuku kimepungua kengele moja! Kaka Kuppusami, wewe unavaa kikuku?"

Wanaume wakamcheka. Akajibu, "Shahidi mmoja, tena katoto ka darasa la tano! Nani mwingine ameona?"

Hakuna. Wote walikuwa wanalia.

Na ikumbukwe hata na wajukuu, kwamba Ijumaa ile kisigino cha mwanamke wa kwetu kilisimama mbele ya watu mia nne, kikubwa kama ng'ombe, kikashinda.

Ukanda ule ukafika mwisho, taa zikawaka ili fundi aweke unaofuata. Vadivambal akainuka, mchanga ukimdondoka, akaenda moja kwa moja hadi kwa fundi wa mashine, akapandisha mguu juu ya sanduku lake, kikuku kikalia.

"Kaka," akasema, "nilikuwa nalia, sikujiona. Na hawa hawakuniona. Turudishie pale kidogo tu, pumzi moja, kisha uendelee."

Hema zima likageuza shingo. Fundi alisimama, ukanda uliokwisha mkono huu, unaofuata mkono ule, akikitazama kile kisigino.