Gari la Mzee Lanywa Polishi

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi imekuja! Shemeji yangu mdogo anaolewa Jumamosi, na atabebwa na gari jeusi la baba mkwe. Jana mezani mzee aliuliza nani atalipiga polishi. Nikainua mkono kabla mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu, hajameza tonge. Mzee akanitazama, akauliza kama huyu jamaa ataweza. Huyu jamaa! Miaka sita nimekaa na binti yake, bado ni huyu jamaa. Mwanyumba, mwalimu wa hesabu asiyejua hata kubadilisha gurudumu, anaitwa mwanangu. Inaniuma, sitaki kudanganya. Basi Jumamosi nami nitaitwa mwanangu, liwalo na liwe.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua kopo la polishi. Maelezo yana herufi za sisimizi, sikujisumbua. Fundi wa kuosha magari, jirani wa ng'ambo ya barabara, akanishauri bila kuombwa: nifanye kivulini, nipake sehemu ndogo, nifute kabla haijakauka, ndipo nihamie nyingine. Nikamshukuru, moyoni nacheka. Anaogopa nitamnyang'anya wateja.

Mke wangu hupaka nywele mafuta, huzifunga kilemba, hulala. Asubuhi zinang'aa! Kama nywele zinakunywa, bati je? Fundi hajawaza hilo. Mimi nimewaza.

Jumatano, 5 Machi

Mzee amelileta gari kwetu asubuhi, nami nimelipaka zima, kuanzia pua hadi mkia. Mara mbili, nzito. Jua kali, safi kabisa. Kisha nimeliacha linywe. Mke wangu akauliza kwa nini gari la baba yake limekuwa kama limeangukia unga. Nikamwambia subira yavuta heri. Nimejinyoosha kitandani mapema, kama mtu aliyemaliza kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Ole wangu. Halikunywa. Polishi imekauka, imeshika kama lipu. Nimesugua tangu saa moja hadi saa saba, nimemaliza fulana mbili. Bodi imeonekana tena, lakini ina ukungu. Kwenye mifereji ya milango, weupe. Kuzunguka herufi za nyuma, weupe. Mipira ya madirisha, iliyotoka kiwandani myeusi, imeota mvi. Nikachukua mswaki. Kumbe wa mke wangu! Hajanisemesha tangu hapo, isipokuwa kuniarifu kwamba gauni la mdogo wake likigusa ule unga, nitafute pa kulala.

Mwanyumba akapita. Akauliza, kwa adabu zake zote, kama gari linapigwa lipu. Mshenzi!

Jioni nikapata akili mpya: riboni! Tufunge riboni kila penye weupe. Nikampigia mzee. Akasema gari lake si zawadi, akakata simu.

Ijumaa, 7 Machi

Nikavaa kofia, nikaishusha hadi kwenye nyusi, nikavuka barabara. Nikamwambia fundi kuna rafiki yangu ana tatizo. Fundi akasema nimpe pole huyo rafiki, maana jana alimwona akisugua kutwa nzima. Kisha, Mungu ambariki, akanielekeza. Gari likae kivulini lipoe. Brashi laini na maji vuguvugu ya sabuni kwenye mifereji na herufi. Kwa ule ukungu, spiriti kidogo iliyochanganywa na maji, na kitambaa laini kigeuzwe kila mara. Na mipira? Kifutio cha penseli.

Kifutio! Nani ana vifutio? Nimezunguka nyumba mara tatu kabla ya kumeza aibu na kumpigia mwanyumba. Akaja na boksi zima. Akakunja mikono ya shati. Tumesugua hadi jua linazama, yeye mipira, mimi herufi, na weupe ukatoka kama kosa daftarini. Akanipa siri: mzee humwita mwanangu kwa sababu hajawahi kulishika jina lake. Miaka tisa! Tumecheka hadi tukakaa chini. Kumbe si mtu mbaya.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee alilizunguka gari polepole. Akapitisha kidole kwenye herufi za nyuma, akakitazama. Kisafi! Akauliza kazi ya nani. Mwanyumba akanisukuma mbele. Mzee akasema hongera, mwanangu. Mbele ya watu! Nusura nilie. Gauni limepanda jeupe, limeshuka jeupe. Mke wangu amenishika mkono hadi sherehe imekwisha. Na kama mzee amesahau jina langu, Mungu amjalie asilikumbuke kamwe.

Jumapili, 9 Machi

Mzee ameniachia gari niliendeshe mwenyewe. Mara ya kwanza! Saa nane nimpeleke mama mkwe kwa wakwe wapya. Nimekagua ndani. Viti vya ngozi vimekauka, ukikaa vinalia. Fundi akapaza sauti kutoka ng'ambo: nipake mafuta kidogo tu, nifute papo hapo. Watu wengine hawakomi. Bati halinywi, sawa, hilo nimekubali. Lakini ngozi ni ngozi! Nimemaliza makopo mawili ya mafuta ya mgando, nimefunga madirisha yote, nimelisogeza gari juani. Nimeviacha vinywe.

Mama mkwe amepiga simu sasa hivi. Anasema yuko tayari mlangoni, amevaa gauni lake jeupe.