Masharubu ya Mchujo

Jumatatu, 11 Machi
Tunaongoza mchujo! Baba ni kocha wa hoki ya barafuni hapa Vaasa, Ufini, na tangu mchujo uanze hajanyoa. Wachezaji nao hivyo hivyo, na wanaume wote wa majumbani mwetu. Ukishika wembe, timu inapigwa. Tukitolewa, Baba atafukuzwa, tutahama tena, nami nitamwacha Linnea wa darasani kwetu kabla sijamsemesha. Pertti, msaidizi wa Baba, anakinyemelea kiti chake. Ndevu zimemfika kifuani. Mnafiki!

Jumanne, 12 Machi
Linnea kanisemesha! Kauliza, kwa Kiswidi tunachoongea shuleni, kama nimetoka kunywa kakao. Kumbe ni masharubu yangu. Haya zikinishika naruka lugha: nikamjibu kwa Kifini kwamba nje kuna baridi. Nimerudi nyumbani, nimenyoa. Vinyweleo vyenyewe vile, nani atavikosa?

Jumatano, 13 Machi
Saba bila! Msiba. Pertti kaja kwetu, kala maandazi yetu ya iliki, kisha kasema kuna mtu kavunja mwiko. Nikajifungia chooni, nikachora masharubu kwa wanja wa Mama. Nimependeza, kusema kweli.

Alhamisi, 14 Machi
Mwenyekiti wa klabu, mzee Ståhlberg, kaja kumfukuza Baba. Ndani ya sauna yetu, chumba cha kuogea mvuke, bila shaka. Habari mbaya hatuambiani tukiwa na nguo. Nami nikaitwa. Pertti akayamwagia mawe ya moto maji, ndoo nzima. Wanja ukaanza safari. Mzee akakodoa macho: "We mtoto, mbona mdomo unayeyuka?" Nikakiri yote, hadi kakao. Kisha mzee akashusha pumzi: basi kosa si la kocha! Baba kabaki kazini. Kaniambia nimemwaibisha, halafu kanipa soseji kubwa kuliko ya Pertti.

Jumamosi, 16 Machi
Tumeshinda! Nimepigwa marufuku kushika wembe hadi theluji iishe. Linnea kauliza tena habari za kakao. Nikasema ndiyo, vikombe viwili. Nadhani tunapendana.

Nimepata funzo kubwa: tukipigwa, akipatikana wa kulaumiwa, kocha anapona. Kesho tunapanda basi la timu kwenda Oulu, mechi ya kuamua. Pertti husinzia kabla basi halijatoka mjini, mdomo wazi, ndevu zimejilaza kifuani kama paka.

Wembe nimeshautia mfukoni.