Mpishi wa Havana, Wembley

Jumatatu, 13 Novemba 1972

Nimepata mpango! Bibi Eufrasia, mjane wa Kikuba, amefungua mkahawa nyuma ya stesheni ya Wembley. Anataka mpishi. Saa za mchana, na mtoto anaruhusiwa jikoni! Kila alfajiri namwacha Sheikha wangu kwa jirani nikafagie maofisi, na kila alfajiri ananing'ang'ania shingoni kama kupe. Basi tena! Nimeingia, nimesema nimepika Havana miaka mitatu.

Havana sijafika. Ila mume wangu Matar alisoma huko kabla hatujahamia huku. Anajua. Alikula.

Jumanne, 14 Novemba

Nimemhoji Matar hata chai yake imepoa. Kumbe! Bamia. Ndizi mbichi za kuponda, upishi wa Waafrika waliopelekwa kule utumwani. Mohogo wa kuchemsha, juu yake kitunguu saumu na ndimu. Wali na maharage meusi wanaita Wamori na Wakristo, maana Wamori, Waislamu wenzetu, waliitawala Hispania, wakawaachia Wahispania bizari nyembamba inayotiwa humo, nao wakavuka nayo bahari. Chakula chetu kabisa! Kimetutoroka tu.

Nimemuuliza kama wanatia nazi. Hakumbuki. Mtu aliyesahau nazi hakula vizuri. Nitatia.

Kasema pia wanapenda nguruwe mno. Hilo nimelisikia kwa sikio moja.

Alhamisi, 16 Novemba

Mpinzani! Jaswinder wa ghorofa ya juu, aliyefukuzwa Kampala juzi juzi, naye anaitaka kazi. Kaja na chapati za moto, kwa hiyo sikuweza kumnunia sawasawa. Atamwambia bibi kwamba upishi wa Kuba haujui ila yuko tayari kufunzwa. Maskini, nimemhurumia. Nikamshauri aende kesho jioni, bibi huwa hana haraka. Mimi ningekwenda asubuhi.

Akanitazama. "Mama Sheikha, twende pamoja tu. Ukipata wewe, nitajua umepata kwa haki."

Nikaitikia kwa kichwa. Mdomo ulijaa chapati yake.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimepika! Bibi kaonja maharage, kafumba macho. Kaonja tena. Nikaona nimeshinda, ulimi ukalegea. Nikamwambia mohogo sisi ndio tuliowapa. Akasema la, mohogo ni wa wenyeji wa asili wa kule kwao, Wareno ndio waliotuletea sisi. Mohogo wetu! Fedheha gani hii!

Kisha akaniuliza Havana nilikaa mtaa gani. Nikajibu mbio: nyuma ya msikiti wa Ijumaa, mlango wa pili. Mji gani mtu huelekezwa nyumba bila msikiti?

Bibi akaweka kijiko chini.

"Mwanangu," akasema, "Havana haina msikiti."

Jaswinder akatazama dari. Sheikha akaendelea kula.

Upishi kapewa Jaswinder. Bibi kasema anayekiri hajui hufundishika. Nikambeba mwanangu, nikamfuta mdomo, nikamwambia tusilie mbele za watu. Alikuwa halii. Nilipofika mlangoni bibi akaniita: maharage ya nazi nilifunzwa na nani? Na mama, Unguja, nikasema. Ndilo neno la kweli la kwanza alilolisikia kwangu. Akasema mama yake, mtu wa Baracoa, mashariki ya Kuba, naye alipikia nazi, na tangu afariki hajaionja tena. Nije Jumatatu nimsaidie Jaswinder, na mtoto nije naye. Ila uongo, mwisho. Nimeapa.

Jumatatu, 20 Novemba

Raha! Sheikha kalala juu ya gunia la mchele, namwona kila nikigeuka. Nimemenya mohogo, nimemnyang'anya Jaswinder manjano mara mbili. Kwa upole, lakini nimemnyang'anya.

Adhuhuri bibi katueleza kwamba Wachina nao walihamia Kuba zamani, wakaacha huko wali wao wa kukaanga na sosi ya soya. Jumapili ana wageni wanaoutaka. Nani anaujua? Jaswinder kasema haujui, angependa kujifunza. Maskini, hana mbinu.

Nikasema mama yangu mdogo kaolewa na Mchina, nimelelewa jikoni mwake.

Bibi kafurahi sana. Anataka kuonana naye Jumamosi.

Sasa nitafute mama mdogo.