Kila Ndege, Jiwe Moja

Jumatatu, 12 Mei
Nilimukosea mutoto wangu Umwali. Kiko cha mukono wake wa kuume kimevimba sawa andazi, na ni mimi. Ana miaka kumi na tatu, anacheza handibol ku masomo, finali iko Jumamosi. Nilitaka atupe mupira kwa nguvu kuliko Chloé, binti ya jirani Nzabonimpa, bote bako mu ekipe moja. Njo mwezi muzima, asubuhi, akifukuza ndege mu mupunga yetu hapa Bugarama, nilimukataza kupiga kelele. Kugonga bido tupu ya maji, hapana. Kila ndege, jiwe moja! Halafu saa kumi, mazoezi.
Na ndege za Bugarama hazina haya.

Jumanne, 13
Kwa sante, muganga Maman Mukamusoni aliuliza mutoto anatupa mara ngapi kwa siku. Nikajibu na kifua mbele: mia tatu! Akaniangalia kama mulimaji aliyekula mbegu. Akasema mufupa ya mutoto ingali inakomaa, hapo pa kiko ni kama simenti haijakauka. Asitupe kitu wiki sita, na bega pia lipumuzike. Nikauliza, hata Jumamosi? Akasema, Papa Habineza, masikio umeiacha nyumbani?

Jumatano, 14
Mbinu! Chloé naye achoke kidogo. Nikamushauri Nzabonimpa, kwa upendo wa jirani, binti yake atupie ndege mawe. Akacheka mpaka akashika muti. Ati Chloé anapumuzika siku mbili kila wiki, na kwake ndege ni kazi ya sanamu. Kweli, sanamu imesimama mu shamba lake, imevaa koti yake ya ndoa. Mujivuni!

Alhamisi, 15
Nikafukuza ndege mwenyewe. Mawe makumi ine, bega likafunga. Mangaribi sikuweza kuinua bugali. Bibi yangu Speciose, mama ya Umwali, akanilisha kama mutoto, akasema: wewe makumi ine tu, Mzee? Umwali mia tatu!
Umwali hakucheka. Akaniletea dawa yake ya kupakaa. Hiyo iliniuma kupita bega.

Jumamosi, 17
Umwali alikaa pembeni, mukono mu kitambaa. Mwezi muzima nilimukataza kelele. Leo kelele yote aliitoa. Chloé, kushoto! Chloé, rudi! Tukashinda kwa bao moja. Kurudi, akaniuliza: Papa, nitatupa tena?

Jumapili, 18
Nimetubu kabisa. Naahidi: Jumatano tarehe 21, saa kumi, nitaomba Umwali musamaha mbele ya ekipe yote. Na asubuhi yake nitasimamisha sanamu mu mupunga, na koti yangu mwenyewe ya ndoa, Speciose apende asipende. Mukono wa kuume, wiki sita, hakuna wa kuugusa.
Wa kushoto nimeuangalia vizuri. Muzima! Na hiyo koti iko na vifungo vitatu vinangaa, mutoto anaweza kuvilenga toka mbali. Mawe nimekwisha chagua. Madogo tu.