Utawala Bora Umesitishwa kwa Muda

Umma unatangaziwa kwamba utawala bora umesitishwa kwa muda, hadi wafadhili watakapofungua tena mkono.

Tangazo hilo alilibandika mlangoni Mkurugenzi wa Utawala Bora mwenyewe, tena kwa gundi nzuri, maana hakuwa mtu wa kulipua kazi. Misaada ikija, idara yake ilikuwa adilifu kupindukia: semina asubuhi, warsha alasiri, na mwenye kutaka leseni ya kibanda alisubiri mpaka Kamati ya Uwazi ikutane faraghani. Misaada ikikatika, aliwapa likizo wajumbe wote, akapanda gari la idara kwenda kwake kuupumzisha uadilifu, usije ukachakaa bure.

Katibu muhtasi wake, mama mmoja aliyeyazoea mambo hayo, aliuliza watu wa leseni awaambie nini.

"Wavute subira, mama," akasema Mkurugenzi. "Uadilifu nao una gharama zake."

Safari hii misaada iliwapiga chenga. Ikivumishwa redioni kwamba inarudi, Mkurugenzi anavaa suti. Ikikanushwa, anavua, mpaka mkewe akamwomba achague moja. Kwa kweli alikuwa na hofu. Kiti kisichokaliwa hupata mwenyewe, na kiti kile alikipenda sana.

Hatimaye akapigiwa simu kwamba wafadhili wamefika. Akaenda mbio. Mlangoni alikuta foleni fupi, tena inatembea, jambo lililomtia wasiwasi. Ndani, katibu muhtasi alikuwa akimsikiliza mwombaji, akikagua vielelezo vyake, akigonga mhuri na kumkabidhi leseni. Kamati iko likizo, alieleza, kwa hiyo hapakuwa na wa kusubiriwa. Naye aliona haya kuwarudisha watu wazima nyumbani bure.

Mkurugenzi akamgeukia mgeni aliyetoka kwa wafadhili, bibi mpole mwenye miwani, akamhakikishia kuwa kasoro hiyo ya kuwahudumia watu kiholela itarekebishwa mara tu Kamati itakaporejea.

"Msijisumbue," akasema yule bibi. "Tumeamua misaada sasa ije bila kukatika. Sharti letu ni moja: likizo yenu nayo isikatike."

Mkurugenzi akatafuta kifungu cha kupinga, akakikosa. Kanuni za likizo alizitunga mwenyewe. Akaaga kwa heshima zote. Watu wakasogea kidogo kumpisha atoke, kisha foleni ikaendelea.