1,234,567 Haigawanyiki

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa idara yetu ya hesabu anastaafu. Kiti kiko wazi! Tunaokitaka ni wawili: mimi, na mwalimu mwenzangu tunayemwita Rula, maana hata akikaa hapindi. Mwalimu mkuu katangaza kwamba Ijumaa, mbele ya wazazi, kila mmoja ataeleza sifa za namba moja kubwa. Atakayewavutia, kiti chake. Rula kaomba karatasi. Mimi nimeomba chai. Namba ninayo tayari: 1,234,567. Nani ataisahau?

Jumanne, 5 Machi
Jumlisha tarakimu zake, unapata 28. Nayo 28 ni jumla ya vigawanyo vyake vyote vidogo: 1, 2, 4, 7 na 14. Uzuri juu ya uzuri! Lakini wazazi wanataka kishindo. Nitasema ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Tatu haiingii. Saba inabakiza 5. Nani wa kunibishia?

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu kauliza nimehakikisha mpaka wapi. Nikajibu kwamba moyo wangu unaniambia. Akasema moyo haujui kugawanya. Basi nimekaa kujaribu namba tasa moja moja. Kitaalamu unatakiwa ufike 1,111, maana 1,111 mara yenyewe inakaribia namba yangu. Ukikosa kigawanyo mpaka hapo, ni tasa kweli. Nimefika 113. Kiganja kinauma, na mama mkwe anataka meza yake. Mlango uliokataa funguo zote hizi, ufunguo utatoka wapi?

Alhamisi, 7 Machi
Nimeiandika kwenye ukuta wa ukumbi, kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa: 1,234,567 HAIGAWANYIKI. Rula kapita, kasimama, midomo ikicheza. Kaondoka zake. Wivu huo!

Ijumaa, 8 Machi
Rula kaanza. Kasema 999,999 ni 142,857 mara 7. Mzazi mmoja alipiga miayo. Nilimpenda sana.
Zamu yangu. Makofi! Mwalimu mkuu akauliza kama kuna swali. Rula akainua mkono.
“Samahani, mwalimu mwenzangu, 127 umeijaribu?”
Nikasema 127 ni kadogo mno kusumbua namba yenye heshima hii. Mwalimu mkuu akanipa chaki. Nikagawanya. 9,721, bila baki. Nikarudia nikiomba Mungu. 9,721. Jasho linanitiririka hadi kwenye soksi. Kati ya 113 na 127 hakuna namba tasa hata moja. Nilibakiza moja tu!
Rula hakucheka. Aliwaambia wazazi kwamba nimekaribia kuliko wengi. Afadhali angecheka. Kiti kachukua yeye.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeamriwa kusugua ukuta. Rangi ya mafuta haina huruma. Mke wangu kaniletea chai, kashika brashi ya pili bila kuombwa.
“Baba watoto, siku nyingine maliza hesabu, ndipo ujisifu.”
Nimekubali. Kweli nimekubali.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari. Tatizo lilikuwa namba, si mimi. Nimepata nyingine: 12,345,679. Nane nimeifukuza makusudi, haina nidhamu. Hii ni tasa, macho yake tu yanasema. Nimejaribu mpaka 31, hakuna kinachoingia. Mke wangu kauliza, na 37 je? Nimemwomba asianze. Mwalimu mkuu nimeshampigia simu: aitishe wazazi upya.